Mlonge wa Fundi Chaji

Mtaa mzima unamjua mume wangu kwa jina la Chaji. Mimi mwenyewe nimelizoea kiasi kwamba nikiulizwa hospitalini jina lake la kwenye kitambulisho, huwa nasita kidogo kabla ya kulitaja. Ni fundi wa betri za magari. Betri ikifa, mwenye gari anaiona takataka. Chaji anaipasua kwa msumeno, anachomoa sahani za risasi zilizomo ndani, anaziyeyusha kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, anamimina upya, anapanga, anaziba, na kesho yake gari linawaka. Risasi ninayosema hapa si ya bunduki, ni yale madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya kila betri. Kazi hiyo alianza nayo ujanani kabla hajanioa, na ndiyo iliyotulea sisi na watoto wetu wawili, ambao sasa ni watu wazima wenye nyumba zao.

Usinisikie nimeanza kwa kumsifia ukadhani nimetulia. Sijatulia hata kidogo. Ila mtu nikiamua kumsema, napenda nimseme kwa haki, mazuri yake kwanza, ili nikifika kwenye mabaya asiwepo wa kuniambia namwonea.

Basi mazuri yake ni haya. Alikuwa mcheshi. Mteja akija amenuna, anaondoka anacheka, hata kama betri yake bado haijapona. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu: gari likipita barabarani anakwambia betri yake aliifungua lini, sahani ipi ilikuwa imeoza, na mwenye gari alibishana naye kuhusu nini. Hakuwahi kunipiga, hakuwahi kunitukana. Tukikosana, mimi ndiye nasema. Yeye anainamisha kichwa, anasubiri mvua ipite, halafu ananiuliza kuna chai. Mdomo ninao, sikatai. Mimi ni msusi, nashinda barazani na vichwa vya watu magotini, na mtu anayeshinda hivyo hawezi kuwa bubu. Wenzake kazini walikuwa wakimtania kwamba anaogopa tindikali kidogo na mke wake sana.

Ugonjwa ulianza tumboni. Likimkata, anajikunja, likimwachia, anarudi kazini. Likaja suala la kichwa kuuma, kisha kusahau. Mwanzoni alisahau vitu vidogo ambavyo sote tunasahau, funguo, miwani, nilichomtuma dukani. Halafu siku moja akarudi amekasirika, ananifokea mbele ya wateja wangu kwa sababu ya ndoo tu, yule mtu ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuninyanyulia sauti. Mkono wake wa kulia nao ukaanza kulegea kwenye kifundo, kikombe kinacheza chai inamwagika. Hapo nikasema hapana, twende hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, lakini hakuwa na mzaha. Alimwangalia ufizi, akamchoma sindano ya kuchukua damu, akatuita tena majibu yalipotoka. Alisema risasi imejaa kwenye damu, na ikishajaa kwenye damu inapanda kwenye ubongo, na ubongo ukiharibika hakuna fundi wa kuupasua na kuupanga upya. Aache kazi hiyo. Na kwa muda ambao hajaiacha avae kizuia vumbi puani, asile chochote karakanani, aoge na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani. Chaji aliitikia kila kitu, ndiyo daktari, ndiyo daktari, na asubuhi iliyofuata akaenda kuwasha jiko lake la makaa. Nilipomshambulia akaniuliza kwa upole, kwa umri wake aanze kujifunza kazi gani nyingine, ususi?

Nilikosa jibu, na kukosa jibu kwangu ni ugonjwa. Nikaanza kumlilia kila mteja anayekaa magotini pangu. Ndipo nikapata habari za mlonge, na aliyeniambia ni mteja wangu wa siku nyingi tunayemwita Mama Panya. Jina si la kumtukana. Anafanya kazi kwenye maabara ya chuo, analisha panya na kusafisha vizimba vyao, na yeye mwenyewe anajiita hivyohivyo.

Mama Panya alinieleza kwamba walimu wa pale waliwapa panya maji yenye risasi. Kabla ya hapo panya hao walikuwa wamefundishwa kutafuta chakula kwenye sanduku lenye vijia vingi, na walikuwa wanakwenda moja kwa moja. Baada ya sumu wakawa wanazungukazunguka humo ndani, wanagonga kuta, hawajui walikotoka. Lakini kulikuwa na kundi jingine lililonyweshwa maji ya majani ya mlonge kwanza, kila siku, ndipo likapewa sumu, na hao walikumbuka njia vizuri zaidi. Hata walipokufa na ubongo wao ukatazamwa kwa darubini, wa hao ulikuwa umeharibika kidogo kuliko wa wenzao. Akanionya lakini. Panya ni panya, binadamu ni binadamu, na yule mwalimu mkuu wao mwenyewe anasema dawa ya kwanza ya sumu ni kukaa mbali nayo. Nilimsikia vizuri, ila mtu aliyefikwa na maji ya shingo hachagui kamba. Jioni ileile nilikuwa uani kwa jirani naomba matawi.

Kuanzia hapo nikawa na kazi mbili. Majani niliyaanika kivulini, kwa sababu Mama Panya alisema jua linayaua. Nikayatwanga, nikayachekecha, nikayaloweka kwenye maji ya moto ambayo hayajachemka, nikayafunika usiku kucha, asubuhi nikayachuja kwa kitambaa cheupe mpaka yakatoka ya kijani yasiyo na hata chembe. Mikono yangu ilinuka majani hata wateja wakalalamika. Nikajaza chupa moja kubwa. Na hapa ndipo nilipojifanya mjanja: panya walikunywa kabla ya sumu, basi na Chaji anywe palepale karakanani, muda mfupi kabla hajawasha jiko. Kwa hiyo chupa ikawa inaondoka naye asubuhi na kurudi jioni.

Ilirudi tupu kila siku. Nilikuwa naiangalia kwa furaha mpaka najionea aibu sasa nikikumbuka. Nilimwuliza vipi, inapitika? Akasema chungu kidogo lakini inapitika. Nikamwuliza kichwa, akasema afadhali. Nilitaka siku moja nimfuate nikamwone anavyokunywa, akanikatalia katakata. Akasema daktari amesema vumbi la kule ni sumu, hataki nilivute, mmoja kati yetu akiharibika anatosha. Mwenzangu, niliguswa. Nilisimulia barazani, wanawake wakasema kweli una mume.

Lakini hali ikazidi kuwa mbaya. Alianza kupotea njia za mtaani kwetu hapahapa, analetwa na watu. Alimwita mwanamke wa duka jina la marehemu dada yake. Aliwasha jiko la makaa akaondoka, nusura karakana iungue, na wenzake wakaanza kumfanyia kazi zake kwa kumhurumia. Mimi nikaongeza majani. Nikabadilisha mti, labda wa yule jirani si mzuri. Nikaloweka muda mrefu zaidi. Nikalia. Mwishowe nikamgeukia Mama Panya nikiwa na kichwa chake mikononi, nusu kimesukwa nusu bado, nikamwambia panya wake wamenidanganya.

Hakukasirika. Aliniuliza tu kama nina hakika anakunywa. Nikamjibu kwa jeuri kwamba chupa inarudi tupu, tena inarudi imesuuzwa, safi, haina hata harufu. Mama Panya akauliza ni mwanamume gani anayesuuza chupa. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamaliza kumsuka, akaenda zake, nami nikabaki nimekaa na chanuo mkononi. Niliishi na Chaji miaka yote ile na sikuwahi kumwona akisuuza hata kijiko.

Hata hivyo sikumfuatilia. Niliogopa, nadhani. Nilijiambia wenzake wanainywa, au anaimwaga kwa uchungu wake na kuisuuza ili asinisikie, na nikapanga namna ya kumsema. Sikupata nafasi. Siku chache baadaye alirudi mapema, jua bado liko juu. Wateja walikuwa wamekwisha kuondoka, nilikuwa nafagia nywele. Akapita mpaka ndani, akaiweka chupa mezani, na chupa ilikuwa imejaa pomoni. Akaketi, akavua viatu, akaniambia bila hata kunitazama:

"Mpe mtoto anywe kabla hajalala. Na usimwache achezee kule nyuma kwenye betri, nimeshakwambia."

Nikamwuliza mtoto yupi. Nyumbani kwetu hakuna mtoto. Wa kwanza ameolewa, wa pili anafanya kazi mbali na huja mara mojamoja. Chaji aliinua macho, akaniangalia, akauangalia ukuta, akaliangalia kabati letu la vyombo. Nikamwona kabisa anajaribu kujua yuko kwenye nyumba ipi. Mwanamume wangu alikuwa na nyumba mbili, na kilichoitenganisha hii na ile kilikuwa kichwa chake. Sasa kichwa kimeharibika, akaingia kwangu na maneno ya kule. Alipogundua alipo aliinama kama alivyozoea, akasubiri nimseme. Nikauchukua ufagio wangu nikarudi kufagia.

Kesho yake nilimfungia ndani, nikamwomba jirani amsikilizie, nikaichukua ile chupa nikaenda. Sikuwa naenda kuitoa, la. Nilikuwa naenda kuimwagia mtu usoni. Karakana iko nyuma ya kituo cha mafuta, mabati mabovu na magurudumu, na wenzake waliponiona walianza kushika vitu ambavyo hawakuwa na haja navyo. Walijua wote. Hao waliokuwa wakiniita shemeji na kunicheka ninavyomwogopesha mume wangu, walikuwa wanakunywa chai kwa huyo mwanamke wake wa pili kila asubuhi.

Ukipita karakana unakuta uwanja mdogo na chumba kimoja chenye pazia mlangoni. Yule mwanamke alikuwa anapika chai ya mafundi, ana masufuria yake, ana benchi lake. Si mrembo. Nilitamani awe mrembo, nipate la kusema. Uwanja ulikuwa umemwagiwa zege, zege jipya, zuri, ukuta kwa ukuta, na mimi choo changu kinasubiri zege tangu binti yangu hajaolewa, kila mwaka naambiwa mwakani. Nadhani niliumia kwa zege hilo kabla sijaumia kwa jingine lolote.

Nilikuwa nimeshafungua kifuniko. Yule mwanamke akaniona, akaiona chupa mkononi, na badala ya kukimbia akafuta mikono yake kwenye kitenge, akapiga goti.

"Shikamoo dada," akasema. "Ndiwe wewe mwenyewe? Kila siku tunakuombea hapa."

Akaita ndani, na pakatoka mtoto wa kike wa kama umri wa kuanza shule, ana masikio ya Chaji yaleyale yaliyosimama, huna haja ya kuuliza. Mama yake akamwambia amsalimie mama mkubwa, anayemtengenezea dawa. Mtoto akaniinamishia kichwa nimshike, akanisalimia. Kisha akaiona chupa na kukunja uso kwa kujua uchungu wake, akanyoosha mkono kuipokea kama kawaida yake.

Kwa maneno ya yule mwanamke, na sioni kwa nini adanganye, mtoto alikuwa amekulia juu ya udongo uleule wa karakana. Alikuwa akitambaa kwenye vumbi la risasi, akila udongo kama watoto wote. Akaanza degedege. Maneno aliyokwisha kuyajua akayasahau, hata la kuomba maji. Hospitali wakasema ni risasi, imepanda kichwani. Hapo ndipo Chaji aliposogeza rundo la betri mbovu upande wa pili, akamwaga zege, na asubuhi moja akaja na chupa ya kijani. Akamwambia mama mtoto kwamba mke wake wa nyumbani amejua habari zote, amemsamehe, na kwa huruma yake ameamua kumtengenezea mtoto dawa ya kukinga ubongo. Degedege ikapungua, maneno yakarudi. Kama ni mlonge au ni zege, mimi sijui, na Mama Panya nilipomwuliza baadaye alisema hata yeye hajui, ila angelipa zege sifa kubwa zaidi.

Elewa nilivyofanywa. Kunizunguka peke yake ningelijua la kufanya, wanawake wengi wamezungukwa, tuna maneno yetu. Lakini mtu huyu alichukua jasho langu akalipeleka kule, halafu akachukua na jina langu. Alinisamehesha bila kuniuliza. Nilikuwa nimeshakuwa mwanamke mwema kwenye nyumba ambayo sijui kama ipo, naombewa dua, na kwangu mimi nalia juu ya majani kwa nini mume wangu haponi. Nilitaka kumwambia yule mwanamke ukweli wote hapohapo, nimvunjevunje. Nikamtazama mtoto amekwisha kukamata chupa kwa mikono miwili, anakunywa huku amefumba macho. Nikamwambia mama yake jambo moja tu, kwamba zege halitoshi, ahame pale, leo ikiwezekana, na mtoto arudishwe hospitali akapimwe damu tena. Alinishukuru. Hilo nalo lilinichoma.

Chaji akili yake ina mwanga kidogo asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nilingoja asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, amekunjua mkono wake mbovu juani. Nikavuta kigoda kingine nikakaa mbele yake, karibu, magoti yetu yanagusana. Nilikuwa nimepanga maneno usiku mzima, makali, yaliyonolewa. Yote yakanipotea likabaki moja.

"Kwa nini hukunywa?" nikamwuliza.

Niliona jinsi anavyolitafuta jibu, anafungua mlango huu, anafunga, anafungua ule. Nikadhani hatalipata.

"Chupa ilikuwa moja," akasema.

"Ungeniambia, ningetengeneza mbili."

Akanitazama kwa mshangao, mshangao wa kweli, wa mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza.

"Sikujua," akasema.

Ninamwamini. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Angeniambia, ningemtukana yeye na ukoo wake mpaka mtaa usimame. Ningetupa godoro lake nje, ningekwenda kukaa kwa dada yangu, ningerudi kuchukua masufuria na kumtukana upya. Na asubuhi yake ningeloweka majani ya chupa mbili, moja yake na moja ya yule mtoto, kwa sababu mtoto ni mtoto, na mtu yeyote aliyewahi kukaa barazani pangu hata siku moja angekwambia hivyo. Leo hii angekuwa anazijua njia za mtaani kwake, au angalau tungekuwa tumejaribu.

Siku hizi kuna asubuhi anaamka ananiita mama, ananiuliza kwa adabu kama namfahamu mke wake. Simlaumu. Hiyo ni risasi. Lakini siku alipoipokea ile chupa ya kwanza mkononi mwangu kichwa chake kilikuwa bado kizima, tumezeeka pamoja, tumelea pamoja, tumelala kitanda kimoja maisha yetu yote. Alikuwa na akili zake, na hakunijua.